Sabuni Iliyosema Inama

Siku yangu ya kwanza kuoga Kigoma, sabuni iliniambia niiname. Nilikuwa nimeshuka kwenye treni na vumbi la siku mbili, nimeingia bafu la uani kwa mwenye nyumba wangu, na juu ya tofali palikuwa na mche wa sabuni ya mawese, wa manjano, umegongwa muhuri wa herufi kubwa: INAMA. Nikatazama nyuma. Nikatazama juu ya ukuta. Mimi nimekulia Lushoto, kwa baba mwalimu, na nilifunzwa kutii kila kilichoandikwa. Nikainama kidogo, kwa tahadhari, nikaoga.

Mwenye nyumba alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akashika mlango. Akanieleza kwamba sabuni ile haimwamuru mtu chochote. Jina lake hasa ni Amani. Anayeitengeneza ni mama mmoja wa Ujiji, na fundi aliyemchongea muhuri, mkimbizi kutoka Burundi, alilichonga neno kama linavyosomeka kwenye karatasi, akasahau kwamba muhuri ukigongwa hugeuza kila kitu. Andika AMANI kwenye karatasi, kisha uitazame kwenye kioo. A ni ile ile, M ni ile ile, I haina upande. Kinachotoka ni INAMA, na kinachokuonyesha kwamba kuna jambo haliko sawa ni N peke yake, maana mti wake wa katikati umelala upande usio wake. Jioni ile nilisimama mbele ya kioo cha mwenye nyumba na kalamu yangu mpaka chakula kikapoa. Mama yule angeiita sabuni yake Upendo au Neema, yangetoka mauzauza na muhuri ungetupwa siku hiyo hiyo. Yeye aliangukia kwenye neno ambalo hata likigeuzwa linaendelea kusema.

Tena lilisema zaidi ya mara moja. Kwa sisi wa Kiswahili, lile neno ni amri. Kwa Waha, na kwa Warundi waliokuwa wakiingia kila siku miaka ile ya wakimbizi, inama ni ushauri, au kikao cha watu wanaoshauriana. Kwa hiyo mwanamke wa Ujiji aliinunua sabuni akicheka, na mwanamke aliyevuka mpaka na watoto wanne aliinunua akiona ni jina la heshima kabisa. Wote walifua. Povu lake lilikuwa zuri, haikuchubua mikono, na mche mmoja ulidumu. Dukani hakuna aliyesema nipe Amani. Walisema nipe Inama, na muuza duka mkorofi akawajibu, "Inama wewe kwanza."

Mimi nilikuja Kigoma nikiwa afisa biashara msaidizi. Nilikuwa na meza, kiti cha miguu mitatu na nusu, na imani moja kubwa: sheria ya alama za biashara. Nilikuwa nimehudhuria semina ya siku mbili juu ya haki ya mtu kwa kile alichokibuni, nikatoka humo nimeokoka. Mji mzima ulikuwa unaiga. Kanda za muziki zilirekodiwa juu ya kanda nyingine, mshono wa shati uliopita barabarani asubuhi ulikuwa juu ya cherehani ya mtu mwingine mchana, na hakuna aliyeona ubaya. Mimi niliuona, na niliusema, hata misibani. Nakiri hapa kwamba kitabu changu cha sheria hiyo kilikuwa fotokopi, na kwamba ukurasa wa kwanza ulikataza kukinakili. Ukurasa huo nao niliupiga fotokopi, ili nisionekane nimeficha kitu.

Basi mama wa sabuni alipoingia ofisini kwangu na kikapu, nilisimama kwa furaha hata kabla sijajua shida yake. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeibiwa."

"Umeibiwa nini?"

"Jina."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo mwaka mzima. Nilimvutia kiti changu mwenyewe, nikamwonya kuhusu mguu wa nne, nikabaki nimesimama.

Alitoa miche miwili, akaiweka mezani. Yote ya manjano, yote INAMA. Mmoja ulikuwa wake. Wa pili ulitengenezwa na mfanyabiashara mmoja wa njia ya Kibirizi, ambaye zamani alikuwa akichukua sabuni kwake kwa jumla, mpaka alipoona hana haja ya kutembea. Alinunua pipa, akachongesha muhuri, akaanza kupika ya kwake. Mawese aliyabania, kostiki, ile dawa kali inayogandisha sabuni, akaimwaga kwa ukarimu.

"Wananiletea mikono, mwanangu," mama alisema. "Mikono! Mtu anaingia uani hata hodi hapigi, ananinyooshea vidole vimetoka ngozi, ananiambia Inama yako imeniunguza. Mimi hiyo sikuipika. Lakini imeandikwa Inama, nitasemaje?"

Nikatoa fomu. Ilikuwa fomu ya kwenda Dar es Salaam, na mimi ndiye mtu pekee mkoani niliyekuwa naipenda. Nilipofika kwenye swali la nani aliyeibuni alama, mama alicheka, akanisimulia habari ya fundi. Aliisimulia vizuri, na mapumziko yake mahali pake: fundi anavyogonga muhuri wa kwanza kwa majivuno, anavyouinua, anavyokodoa macho. Alikuwa ameisimulia mara nyingi sana. Nilicheka mpaka nikapiga meza, kisha nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: Alama ilitokana na kosa la fundi. Niliona nimeandika jambo la maana.

Kabla ya Dar es Salaam ilibidi tuanzie nyumbani, kwa mtendaji wa kata, mtu wa haki na wa usingizi. Alimwita mfanyabiashara, akatuita sisi, akawaruhusu na wafuaji wa kike waliokuja na mikono yao kama vielelezo. Mfanyabiashara alifika amevaa suti. Alisema yeye hajaiga kitu. Sabuni ni sabuni, neno ni neno la Kiswahili, na kama zinafanana ni kwa sababu wote wawili wanajua kuandika.

Mtendaji akachukua miche sita, mitatu ya huku na mitatu ya kule, akaichanganya mezani. "Afisa," akaniambia, "wewe ni mtaalamu. Ipi ya nani?"

Niliitazama. Nikainusa. Nilisoma INAMA mara sita, na mara zote sita ilikuwa Inama. Nilitenga mitatu kwa kujiamini, na mama wa sabuni akafumba macho. Nilikuwa nimepata mmoja.

Hapo akainuka mama mmoja wa Bangwe, dobi wa miaka mingi, ambaye tangu mwanzo alikuwa ametuambia kwamba yeye kusoma hajui, tusimpe karatasi. Akasogea mezani, akaitenga ile miche haraka haraka, anavyotenga nguo nyeupe na za rangi. Yote sita sawa.

"Umejuaje?" mtendaji aliuliza, akiwa macho kabisa sasa.

"Si huu mti hapa katikati," alisema, akaigusa N. "Kwenye yenyewe umelala huku. Kwenye hii ya kuunguza umelala kule. Nyinyi hamwoni?"

Hatukuona, hata mimi niliyesimama na N ile mbele ya kioo mpaka chakula kikapoa. Sisi tuliokwenda shule tulikuwa tunasoma neno, na N ikiwa imegeuka macho yetu yaliisamehe. Yeye hakuwa na neno la kusoma, kwa hiyo aliangalia alama. Mfanyabiashara alichongesha muhuri wake kwa fundi hodari, naye fundi hodari akainyoosha ile N. Nilifurahi kiasi kwamba nilimshika mkono dobi yule na kuutikisa, na akapiga kelele, kwa sababu ulikuwa umechubuka.

Nilidhani tumeshinda. Lakini mfanyabiashara hakuvaa suti bure.

"Mheshimiwa mtendaji," alisema, "haya, nimeiga. Nimemwiga nani? Huyu mama neno lake ni Amani. Mimi Amani sijaigusa. Hili Inama, kila mtu mjini amemsikia akisimulia kwa kinywa chake, ni kosa la mkimbizi. Si lake. Mkimbizi mwenyewe hayupo. Kosa limeachwa barabarani, mimi nimeliokota, tena nimelisahihisha. Kosa la mtu mwingine linawezaje kuwa mali ya mama?"

Mtendaji alifikiri. Kisha akaivuta fomu yangu, akaisoma kwa sauti. Alama ilitokana na kosa la fundi. Akanitazama juu ya miwani. "Afisa, huu ni mwandiko wako?"

Ulikuwa mwandiko wangu bora kabisa.

Hukumu ilikuwa hii: mpaka Ijumaa tulete maneno ya huyo fundi, yaliyoandikwa na kuwekwa dole gumba, kwamba alama aliyoichonga amemwachia mama. Yasipoletwa, Inama ni ya kila mwenye pipa. Mama wa sabuni alitoka nje, akasimama kwenye jua, akasema taratibu, si kwa ile sauti yake, "Ikiwa ya kila mtu, mwanangu, mimi nitabaki na mikono ya watu tu." Nilielewa. Alikuwa amepika sabuni ile tangu ujane wake, na kwa mwezi mmoja wa kostiki ya mtu mwingine wateja wake walishaanza kumpita mlangoni bila salamu.

Fundi tulijua alipo. Alikaa miaka mitatu katika chumba cha uani kwa mama, mpaka ilipotoka amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi mitaani waende makambini. Alibeba sanduku la zana zake, akaaga, akaenda. Jumatano tukapata nafasi mbele, kwenye lori la unga wa msaada, mama katikati yangu na dereva. Mama huyu angeweza kuongea na askari wa kizuizini mpaka askari amwombe apite, lakini safari ile alinyamaza kimya. Tukapita Kidahwe, hajasema neno. Nilidhani ni mashimo ya barabara. Kwa kumchangamsha nikasoma tamko nililoliandika usiku kucha: "Mimi niliyekosea kuchonga muhuri, kwa hiari yangu, namwachia mama huyu kosa langu pamoja na manufaa yake yote." Dereva alisema limekaa kama talaka. Mama hakucheka.

Tulipomuulizia fundi kambini hakuna aliyemjua, mpaka nilipoeleza kwamba ni yule aliyechonga muhuri wa sabuni. "Aa, Fundi Geuza!" wakasema, na wakatupeleka wengi, wakicheka. Habari ilikuwa imemtangulia. Njiani nikaambiwa kwamba mtu akimpa kazi ya mlango lazima amuulize kwanza kama utafunguka kwa ndani au kwa nje, na kwamba anayetaka stuli humkumbusha kwamba miguu inakaa chini. Nilicheka na mimi. Mama alikuwa anatembea nyuma yetu.

Tulimkuta anapiga randa ubao, mtu mwembamba, mpole, mwenye penseli nyuma ya sikio. "Amahoro," alitusalimu. Akamletea mama stuli, akaipangusa kwa kiganja. Akauliza habari za pipa, habari za kuku, kama mvua bado inaingia kwenye kile chumba. Kisha nikamweleza kilichotuleta, kesi yote, na nikamsomea tamko langu polepole na kwa heshima. Nikafungua kibweta cha wino.

Fundi alikifunga kibweta. "Oya, hapana, bwana afisa," akasema. "Hapo siwezi kuweka dole."

Nilidhani hajaelewa. Nikaanza kumweleza kwamba kosa ni kitu cha thamani, kwamba sheria inamtambua mbunifu hata kama amebuni kwa bahati mbaya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Mimi kusoma sijui," alisema. "Mama aliniletea karatasi, ameandika yeye. Akaniambia, fundi, chonga hivi hivi, usizidishe usipunguze. Nikaibandika kwenye ubao kwa uji wa unga, nikafuata mstari. Angenichorea samaki ningechonga samaki, na samaki hata ukimgeuza bado ni samaki. Mimi ningejuaje kwamba maneno yana upande?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anaitazama ile randa.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza fundi. "Miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa nakaa kwake," alisema fundi, bila hasira. "Watu wakicheka, nami nacheka. Mwenye nyumba hawezi kukosea, bwana afisa."

Kitabu changu cha fotokopi kilikuwa na sura nzima juu ya kumnyima mtu sifa ya kazi yake. Hakikuwa na hata mstari mmoja juu ya kumpa mtu kosa lisilo lake. Niliona aibu, na si kwa ajili ya mama peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimeliandika kosa lile kwenye karatasi ya serikali bila kumuuliza mtu, kisha nikasafiri siku nzima kumletea fundi aweke dole.

"Nilikuwa na cheti," mama alisema hatimaye. "Cha kisomo cha watu wazima. Nimekitundika ukutani, fundi unakijua. Ule muhuri ulipotoka vile, majirani walikuwepo. Ningesema ni mimi, wangesema mwalimu alinipa kile cheti kwa sababu ya sabuni." Akainua vidole vinne. "Na sabuni nilimpa. Miche minne. Lakini kusoma nilikuwa najua!"

Fundi alicheka kwanza, kwa kushtukizwa. Kisha mama akacheka, kisha akalia, yote kwa wakati mmoja, na mimi sikujua niangalie wapi. Alipoinua uso alikuwa amerudiwa na sauti yake.

"Chana hiyo," aliniambia. "Andika nyingine. Andika alama hii nimeibuni mimi. Niliikosea mimi, kwa mkono wangu. Fundi alichonga sawasawa kama alivyoonyeshwa, na kazi yake haikuwa na dosari."

Niliandika, na nikiwa naandika sheria ilinipanda tena kichwani. Nilimwambia kwamba hili ni jambo zuri sana kwa kesi yetu, kwamba aliyekosea ndiye mbunifu, kwamba sasa mfanyabiashara hana pa kushika, kwamba angelikiri kosa hili mapema...

"Nyamaza kwanza, mwanangu," alisema mama.

Ni kweli, karatasi ile ndiyo iliyomrudishia alama yake. Ijumaa mtendaji aliisoma mara moja tu, akamwamuru mfanyabiashara alete muhuri wake, akaupasua kwa shoka pale pale uani, na yule dobi wa Bangwe aliomba apewe kile kipande chenye N. Lakini hayo ni ya Ijumaa. Jumatano ile kambini mama alichukua kalamu yangu, akaandika jina lake chini ya tamko, herufi moja moja, zote zimeelekea zinakotakiwa. Akanirudishia.

"Msomee."

"Mama, si amesikia ukinitajia?"

"Kasomee nje. Waite hao waliotuleta. Na uwaambie wewe ni serikali."

Nikatoka. Sikuwa na haja ya kuita mtu, walikuwa bado wamejazana pale wakisubiri kichekesho kingine cha Fundi Geuza. Nikasimama juu ya gogo lake la kupasulia mbao, nikasema mimi ni afisa wa serikali, nikasoma tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanamume mmoja aliwafasiria wengine kwa Kirundi, na kicheko kikawa kinapungua kadiri fasiri ilivyowafikia watu wa nyuma. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, randa bado mkononi.

"Bwana afisa," alisema nilipomaliza, "nakuomba. Rudia pale pa kazi yangu."

Nikarudia.